Dale inavuya: mpira wa kufunika juu ya nyumba unafanya kazi namna gani?

Mu Goma na Bukavu, nyumba zingine za etaje zinajengwa bila mabati: dale ya beto ndiyo inakuwa paa. Lakini beto peke yake haizuii maji. Inayakunywa pole pole mpaka ku vyuma vya ndani. Vyuma vinashika kutu, vinavimba, kiisha beto inapasuka na kuanguka vipande vipande. Ndiyo sababu dale inaomba kifuniko.

Mafundi wengi wanajua karatasi nzito ya gudroni inayobandikwa na moto wa gazi. Kifuniko kingine ni mpira unaoitwa EPDM. Hautoki ku mti. Unatengenezwa mu viwanda tangu miaka ya 1960. Unakuja umekunjwa kama mukeka, na unene wake mara nyingi ni milimetri 1,1 ao 1,5. Jua haliuharibu mbio. Dale ikipanuka muchana na kunywea usiku, mpira unavutika nayo. Ukiwekwa vizuri, unaweza kupita miaka 20.

Lakini mpira hauponyeshi dale mbaya. Mara nyingi maji hayaingii katikati. Yanaingia ku viungo, ku pembe za ukuta, ku tundu la kutokea maji, na ku vile vyuma vilivyoachwa wima kungojea etaje ingine. Kila chuma kinalazimisha kutoboa mpira. Basi mwenye nyumba achague kwanza: kupandisha ao kufunika.

Mbele ya kulipa fundi, aangalie haya:

- Muteremko: santimetri 2 hivi kwa kila metre, kuelekea tundu la maji.
- Ukavu: beto mupya ingojewe siku 28 hivi. Ikifunikwa ingali na maji, mpira unavimba kama malengelenge.
- Ukuta: mpira upande ku ukuta santimetri 15, na ncha yake ifungwe.
- Viungo: visafishwe na kukauka mbele ya gundi. Vumbi kidogo tu linatosha kuviachanisha.
- Mafuta: mazutu na esansi vinaharibu mpira huu. Jenereta isiwekwe juu yake.

Kiisha kazi, tundu lizibwe na maji yamwangwe, santimetri 5 mahali pa chini, yabaki siku nzima. Fundi ahakikishe kwanza kama dale itavumilia: maji ya kipimo hicho yana kilo 50 kwa kila metre ya mraba.

Mpira ukipasuka, kusiongezwe sima juu: haishikani nao. Unasafishwa, kipande kingine cha mpira kinabandikwa na gundi yake. Na alama ya maji mu plafo haionyeshi kila mara mahali pa tundu. Maji yanaweza kutembea ndani ya dale mbele ya kutokea. Kila mwaka, mbele ya mvua za mwezi wa tisa, afazali mutu apande juu, aondoe majani na udongo ku tundu la maji, na aangalie viungo vyote.