Kutoka Kipindi hadi Chaneli: Lugha ya Televisheni ya Wanawake katika Kibera na Kawangware

Dhana ya chaneli nzima ya televisheni iliyokusudiwa wanawake ilizaliwa Marekani, na mama yake ni biashara. Mwaka 1984 stesheni mbili za televisheni ya waya, Daytime na Cable Health Network, ziliunganishwa zikawa Lifetime. Mwanzoni chaneli hiyo haikujijua vema: ilikuwa na mazungumzo ya mchana yaliyowalenga akina mama, lakini siku ya Jumapili iliwahutubia matabibu kwa vipindi vya udaktari. Katika miaka ya 1990 ndipo ilipojitangaza waziwazi kuwa ni televisheni ya wanawake, na mwaka 2006 ikaacha kutumia wito huo. Mantiki yake ilikuwa ya zamani. Watengenezaji wa sabuni ndio waliogharamia michezo ya redio ya mchana huko Marekani tangu miaka ya 1930, na kwa ajili hiyo michezo hiyo ikabandikwa jina la sabuni ambalo haijaepukana nalo hadi leo.

Lifetime ilifika Afrika kwa njia ya setilaiti mwaka 2014, ikaingia katika orodha ya DStv. Ilifika ikisema Kiingereza. Lakini mwanamke wa Soweto Mashariki, kijiji kimoja miongoni mwa vijiji vya Kibera, alikwisha kusemeshwa na televisheni kwa zaidi ya robo karne kabla ya hapo, na kwa Kiswahili. Makala haya yanafuatilia jinsi usemi huo ulivyobadilika: nani alikuwa akimsemesha, kwa Kiswahili cha namna gani, na akimchukulia kuwa nani.

Yapasa kwanza kuyatazama mazingira ya lugha. Kibera ilianza kuwa makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi, maana yake msitu. Juu ya Kinubi, ambacho ni krioli ya Kiarabu, wakaja wapangaji wasemao Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikuyu, Kigusii na nyinginezo. Kawangware, upande wa Dagoretti, ina mchanganyiko wa namna hiyo hiyo, ijapokuwa historia ya ardhi yake ni nyingine kabisa. Katika mahali kama hapo Kiswahili si lugha ya kitabu. Ndicho mwenye nyumba adaicho kodi kwacho, na ndicho mama auziaye mboga. Kipindi chochote cha televisheni kilichotaka kufika chumbani humo kilipaswa kuamua kama kitasema lugha hiyo, au lugha iliyo juu yake, au lugha iliyo kando yake.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na tangu 1964 ikaendeshwa na serikali kwa jina la Voice of Kenya. Kwa muda mrefu ilikuwa chombo cha wachache. Tamthilia inayostahili kuhesabiwa kuwa mwanzo wa habari hii ni Tushauriane, iliyoonyeshwa mwaka 1987. Ilikuwa ya Kiswahili, nayo ilikusudiwa kuhimiza uzazi wa mpango. Mfano wake ulitoka mbali. Huko Meksiko Miguel Sabido alikuwa ameunda utaratibu wa kutumia tamthilia za mfululizo kufunza jamii, na Acompáñame ya mwaka 1977 ndiyo iliyoshughulikia uzazi. India ikafuata na Hum Log mwaka 1984. Kenya ikafuata na Tushauriane kwenye televisheni pamoja na Ushikwapo Shikamana kwenye redio, mchezo uliofufuliwa mwaka 1998 chini ya uongozi wa Kimani Njogu, msomi wa Kiswahili. Tanzania nayo ikaanza Twende na Wakati katika Radio Tanzania mwaka 1993.

Majina hayo yanafaa kutazamwa kwa jicho la mwanasarufi. Acompáñame ni amri ya upole: fuatana nami. Tushauriane ni dhamiri tegemezi yenye kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi na kauli ya kutendana. Ni vigumu kupata kitenzi cha Kiswahili kinachowafunga msemaji na msikilizaji pamoja kuliko hicho. Twende na Wakati ni vivyo hivyo. Ushikwapo Shikamana ni methali iliyogeuzwa kidogo, ambayo -po- yake ya wakati imechukua mahali pa -ki- ya sharti: si kwamba huenda utashikwa, bali utashikwa, na hapo ndipo ushikamane. Hata Usiniharakishe, mchezo mwingine wa kituo hicho cha serikali, ni usemi wa mtu kwa mtu. Mwanamke katika majina haya ni mtu wa kuambiwa na kuombwa ushauri. Kwamba ushauri wenyewe ulikwisha kukatwa huko wizarani na katika mashirika ya kigeni kabla haujafika kwake ni jambo lisilopingika. Sarufi ilikuwa na adabu kuliko mradi.

Badiliko kubwa lilianza na KTN mwaka 1990, stesheni ya kwanza ya binafsi nchini, na wenziwe waliofuata. Stesheni hizi ziliishi kwa matangazo ya biashara, na tamthilia ya kununuliwa ilikuwa rahisi kuliko ya kutungwa. Ndipo zilipoenea tamthilia za Amerika ya Kilatini, zilizotungwa kwa Kihispania au Kireno na kutiwa sauti za Kiingereza. Ziliwekwa saa ambayo mama yuko nyumbani, na zilipendwa mno. Kwa upande wa lugha, hata hivyo, hiyo ilikuwa hatua ya kurudi nyuma: saa iliyokuwa ya Tushauriane ikawa ya Kiingereza cha midomo isiyopatana na maneno.

Hapa pana jambo ambalo halijatiliwa maanani na walioandika juu ya vyombo vya habari. Katika zama zizo hizo wanaume na vijana walikuwa na vibanda vya video, na humo filamu za mapigano zilifasiriwa kwa mdomo. Nairobi ilimpata DJ Afro, anayesimulia filamu kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Sheng. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Uganda ina kundi kubwa la wasimulizi kwa Kiganda. Hii ni sanaa kamili ya tafsiri, yenye mzaha, nyongeza na majina mapya ya wahusika. Tamthilia za wanawake hazikupata msimulizi wa aina hiyo. Zilitazamwa chumbani, si kibandani, na asiyekijua Kiingereza alibaki na nyuso, muziki, na yeyote aliyekaa karibu naye aliyesoma zaidi. Soko la lugha lilimtambua mwanamume aliyelipa kiingilio mlangoni. Halikumtambua mwanamke aliyekaa kitandani.

Aliyeziba pengo hilo kwanza hakutoka Afrika. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina juu ya Doudou, mke kijana, na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilivuma kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Ugomvi wa mke na mama mkwe haukuhitaji maelezo kwa mtazamaji wa pwani wala wa bara. Kampuni ya StarTimes, iliyoleta ving'amuzi vyake Kenya mwaka 2012, iliendeleza kazi hiyo ya kutia sauti na kufungua chaneli ya Kiswahili. Kwa hiyo kuna watazamaji wa Nairobi waliosikia Kiswahili kilichonyooka kikitoka kinywani mwa wakwe wa Kichina kabla hawajakisikia katika tamthilia ya kwao yenye urefu wa kutosha.

Mwaka uo huo wa 2011 M-Net ya Afrika Kusini ilianzisha Africa Magic Swahili, tawi la Africa Magic iliyokuwapo tangu 2003. Mwaka 2014 jina likawa Maisha Magic, na baadaye ikagawanyika: Maisha Magic East kwa Kenya na jirani zake, Maisha Magic Bongo kwa Tanzania. Mgawanyiko huo ni wa kibiashara, lakini maana yake ni ya kiisimu: mwenye chaneli aliamua kuwa Kiswahili cha Nairobi na cha Dar es Salaam ni masoko mawili. Chaneli hizi hazikujiita za wanawake, nazo hazina budi kutazamwa na wote. Hata hivyo ratiba yao, inayotawaliwa na ndoa, urithi, mimba na ukwe, yaonyesha wazi ni nani aliyefikiriwa.

Njia ya kufikia Kibera haikuwa waya wala sahani ya setilaiti peke yake. Ilikuwa sheria. Matangazo ya analojia yalizimwa Nairobi, na kuanzia tarehe 14 Februari 2015 stesheni kubwa za binafsi zilitoweka hewani kwa muda wa majuma kadhaa hadi Machi, kutokana na mvutano wao na serikali. Mwenye televisheni kuukuu alilazimika kununua king'amuzi. GOtv, iliyo ya jamaa ya DStv, iliuza king'amuzi cha bei ndogo kilichokuwa na Maisha Magic ndani yake, na hivyo chaneli ya kulipia ikaingia katika nyumba za mabati ambazo umeme wake, mara nyingi, haukuwa na mita. Malipo ya mwezi yakikosekana, picha hukatika. Tushauriane haikuwahi kumkatikia mtu kwa sababu ya deni.

Na majina yakabadilika. Maisha Magic East ilianza Selina mwaka 2018. Citizen TV, isiyo ya kulipia, ikajibu kwa Maria mwaka 2019, kisha Zora mwaka 2021, kisha Sultana mwaka 2022. Kitenzi kimetoweka. Mahali pa “sisi” yenye kushauriana pamekaa jina la mwanamke mmoja, mara nyingi kijana, aliye katikati ya mashaka. KBC ilikuwa na Tausi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo desturi yenyewe si mpya. Kipya ni kwamba imekuwa kanuni. Ni faida na hasara pamoja. Mwanamke si mwanafunzi tena wa mradi wa afya, ana jina lake na kisa chake. Lakini mtazamaji naye hasemeshwi tena, anatazama tu.

Maria yahusu msichana aliyekulia mtaa wa mabanda akaingia nyumba ya matajiri. Ilitengenezwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ambao wote wawili wakati huo walikuwa wasomaji wa taarifa ya habari ya Kiswahili katika Citizen. Si jambo dogo kwamba utunzi wa lugha ya mapenzi na matusi ya jikoni ulikwenda mikononi mwa watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa Kiswahili sanifu cha habari. Matokeo yake ni usemi wa tabaka mbili: Sheng kwa walio chini, na kwa walio katika jumba Kiswahili chenye lafudhi ya pwani, kana kwamba matajiri wa Nairobi husemezana hivyo. Kila mtu ajua kuwa matajiri hao husema Kiingereza. Kwa muda wa nusu saa tamthilia iliibatilisha daraja ya lugha ya nchi nzima, ikakiweka Kiswahili mahali pa Kiingereza, na hakuna mtazamaji aliyeona ajabu.

Kwa upande mwingine Sheng ilibaki kuwa alama ya umaskini, tena ya ujana. Lugha ya mama wa makamo wa Soweto Mashariki, yaani kile Kiswahili kilichotiwa lafudhi ya Kijaluo au Kiluhya, hutumika zaidi kuchekesha, kama ilivyotumika kwa miaka mingi katika Papa Shirandula na Vitimbi. Tarehe 8 Julai 2016 nyumba 822 za ghorofa zilizojengwa Soweto Mashariki chini ya mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda zilikabidhiwa wakazi. Zina kuta za mawe na umeme wenye mita. Katika tamthilia zinazotazamwa ndani yake, mwanamke mwenye lafudhi hiyo bado hajapewa kisa cha mapenzi.