Vinka, majaribio ya kisukari kwa panya

Majaribio yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Western Ontario, London, Kanada, miaka ya 1950, kupima kama dondoo la majani ya vinka (*Catharanthus roseus*, zamani *Vinca rosea*) hushusha sukari ya damu. Mmea asili yake ni Madagaska. Afrika Mashariki hupandwa kama ua la bustani.

Chanzo

Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake kutibu kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa huko alituma bahasha yenye majani 25 kwa Clark Noble wa Toronto, yule ambaye mwaka 1921, inasimuliwa, ilirushwa shilingi kati yake na Charles Best kuamua nani aanze kazi na Banting katika utafiti wa insulini, akashindwa. Clark alikuwa amestaafu, akampa majani hayo ndugu yake Robert Noble, mtafiti wa homoni katika Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Majaribio

Panya walionyweshwa dondoo hawakubadilika: sukari ilibaki palepale. Watafiti wangeishia hapo, kazi ingefungwa. Lakini panya walipodungwa dondoo hilo mshipani walikufa ndani ya wiki moja hivi, miili imejaa majipu ya bakteria aina ya Pseudomonas. Sumu ya kawaida haiui hivyo. Robert Noble alihesabu chembe nyeupe za damu, akakuta zimeporomoka. Uboho nao ulikuwa umedhoofika, mwili hauna tena askari wa kuzuia vijidudu. Uamuzi wa kuhesabu chembe badala ya kutupa mizoga ndio ulioleta kila kilichofuata.

Mkemia Charles Beer alijiunga naye mwaka 1954. Kazi ya kuchuja kiini kilichopunguza chembe hizo ilikuwa ngumu, kwani majani mengi hutoa dawa kiduchu mno. Mwaka 1958 walitangaza kiini hicho, vinblastini, ambacho kwa kupunguza chembe kikawa dawa ya saratani. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikichunguza mmea huohuo, ilitoa pia vinkristini, iliyoruhusiwa huko mwaka 1963.

Matumizi

Lukemia ya watoto na saratani za tezi za limfu. Kampala, Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa 1967, ilitumia vinkristini kutibu limfoma ya Burkitt.

Kisukari

Baadaye watafiti, wakiwemo wa India, waliripoti kuwa dondoo la majani lilishusha sukari kwa panya waliogeuzwa wagonjwa kwa streptozotosini, kemikali inayoharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna dawa ya kisukari iliyosajiliwa kutokana nalo. Majani yana sumu, na mgonjwa asiyanywe badala ya dawa za hospitali.