Kwa nini Wakristo huichukulia Biblia kuwa takatifu

MKRISTO anapoitwa kizimbani kutoa ushahidi katika mahakama za Kenya, hukabidhiwa Biblia aishike huku akila kiapo. Nakala yenyewe yaweza kuwa imechakaa, jalada limelegea na kurasa za mwanzo zimenyofoka. Hilo halipunguzi uzito wa kiapo hata chembe. Yaweza kuwa ya Kiswahili, Kiingereza, Kidholuo au Kikamba, na hilo pia halibadilishi lolote.

Kinachokifanya kitabu hicho kuwa kitakatifu basi si karatasi wala wino. Si lugha pia. Ni nini?

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa moto na upanga, tena katika bara la Afrika. Mnamo mwaka wa 303 Kaisari Diocletian wa Roma aliamuru makanisa yabomolewe na maandiko ya Wakristo yateketezwe. Mjini Cirta, ambao leo huitwa Constantine nchini Algeria, maafisa wa serikali waliingia kanisani, kisha wakaenda nyumba hadi nyumba kwa wale waliokuwa na kazi ya kusoma maandiko ibadani, wakakusanya vitabu na kuviorodhesha kimoja baada ya kingine. Kumbukumbu za msako huo zimehifadhiwa hadi leo.

Wapo waliokubali kuvitoa. Wapo waliokataa, mathalan Felix, askofu wa Thibiuca, ambaye aliuawa kwa sababu hiyo. Na wapo waliotafuta njia ya katikati: Mensurius, askofu wa Carthage, alijitetea kwamba alichowaachia maafisa kanisani kilikuwa maandishi ya wazushi tu.

Mateso yalipokwisha, waliotoa vitabu walibandikwa jina la Kilatini traditores, yaani "waliokabidhi", na jina hilo likawa tusi. Mtaguso wa Arles wa mwaka wa 314 uliamua kwamba kasisi aliyethibitishwa kuwa alikabidhi maandiko avuliwe daraja, lakini waliowekewa mikono na mtu wa namna hiyo wahesabiwe kuwa halali. Wengi katika Afrika Kaskazini hawakuridhika. Mfarakano uliozuka, unaojulikana kwa jina la Donatus, kiongozi wao, ulidumu zaidi ya karne moja.

La kustaajabisha ni kwamba watu hao walikuwa tayari kufa kwa ajili ya vitabu ambavyo orodha yake ilikuwa haijafungwa. Orodha ya kwanza inayojulikana ya vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile vilivyomo leo, iliandikwa mwaka wa 367 na Athanasius, askofu wa Alexandria nchini Misri. Mitaguso ya Hippo, mwaka wa 393, na Carthage, mwaka wa 397, iliithibitisha kwa upande wa Afrika. Kabla ya hapo palikuwa na mabishano kuhusu Waraka kwa Waebrania, Waraka wa Pili wa Petro na Ufunuo, na kitabu kiitwacho Mchungaji wa Hermas kilikaribia kuingia.

Orodha hiyo huitwa kanuni, neno ambalo Kiswahili kililipata kupitia Kiarabu kutoka Kigiriki, ambako lilimaanisha ufito wa kupimia.

Mkristo akiulizwa sababu ya utakatifu wa Biblia, jibu lake la kwanza huwa ni kwamba ni Neno la Mungu. Msingi wa jibu hilo hupatikana katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 3 aya ya 16, ambapo Maandiko yanaelezwa kwa neno moja la Kigiriki lenye maana ya kutoka katika pumzi ya Mungu. Kwa kawaida neno hilo hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa "uvuvio", na tafsiri hiyo inafaa, maana huyu avuviaye si mtu anayeshika mkono wa mwandishi na kuuongoza herufi kwa herufi.

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Makanisa mengi hayadai kwamba Biblia ilishuka ikiwa kamili. Luka anaianza Injili yake kwa kueleza jinsi alivyochunguza habari kabla ya kuziandika, kama afanyavyo mwanahistoria yeyote. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anataja watu aliowabatiza kisha anakiri kwamba hakumbuki kama kuna wengine. Katika waraka ule ule kwa Timotheo, anaagiza aletewe joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu. Mtu aliyehisi baridi na kutaka joho lake ndiye huyo huyo ambaye maneno yake husomwa kanisani kuwa Neno la Mungu, wala Wakristo hawaoni mgongano hapo. Kanisa Katoliki, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka wa 1965 kuhusu ufunuo, lilisema kwamba waandishi hao walitumia vipaji na uwezo wao wenyewe, wakawa waandishi wa kweli.

Madhehebu hayakubaliani kuhusu matokeo ya jambo hilo. Wainjilisti waliokutana Chicago mwaka wa 1978 walitangaza kwamba Maandiko, katika nakala za asili, hayana kosa katika lolote yanalolithibitisha, historia na maumbile yakiwemo. Wakatoliki huzungumza juu ya ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wa wanadamu. Aidha, nani mwenye kukithibitisha kitabu? Wakatoliki na Waorthodoksi hutaja mapokeo ya Kanisa, ilhali John Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, alifundisha kwamba ni ushuhuda wa Roho Mtakatifu moyoni mwa msomaji. Hata hesabu ya vitabu si moja: Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huhesabu 81.

Hata hivyo, chini ya tofauti hizo ipo imani moja ambayo pengine ndiyo ufunguo. Kwa Wakristo, Neno la Mungu kwa maana ya juu kabisa si kitabu. Ni Yesu mwenyewe, kama inavyofundisha sura ya kwanza ya Injili ya Yohana. Biblia ni takatifu kwa sababu inamshuhudia yeye. Utakatifu wake ni wa kuazima.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako msikiti na kanisa huweza kuwa katika mtaa mmoja. Kwa Mwislamu, Kurani ni Kurani katika Kiarabu kilichoteremshwa. Tafsiri yake huhesabiwa kuwa maelezo ya maana, wala haisomwi katika sala. Kwa Mkristo, tafsiri ni Biblia kamili. Yesu anaaminiwa kuwa alizungumza Kiaramu, ilhali Injili ziliandikwa kwa Kigiriki, hivyo basi Wakristo wa kwanza walianza na tafsiri.

Ndiyo maana Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, hakungoja watu wa Pwani wajifunze Kiebrania. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huo huo akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Kwamba mwanachuoni wa Kiislamu alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo walioipa Biblia sauti ya Kiswahili ni jambo lisilotajwa mara nyingi. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka wa 1891, kutokana na kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere, na ile ya Kimvita mwaka wa 1914. Toleo la pamoja, Union Version, lilikamilika mwaka wa 1952.

Maneno imani, dhambi, sala na nabii yalikuwa tayari katika Kiswahili, yakitoka Kiarabu na yakitumiwa na Waislamu. Lakini "takatifu" ni neno la Kibantu, kutoka kitenzi kutakata, yaani kuwa safi.

Baadaye, katika miaka ya 1990, ilitoka Biblia Habari Njema yenye lugha nyepesi zaidi. Hata hivyo, toleo la 1952 ndilo ambalo bado husomwa katika makanisa mengi, na wapo waumini ambao masikio yao hayakubali kubadilishiwa hata neno moja la tafsiri hiyo, kana kwamba mitume waliiandika kwa Kiswahili.