Walifua panga za samurai, wakaishia kujifunza visu vya jikoni

Unaambiwa mwaka 1876 serikali ya Japani ilitoa amri moja tu, ajira za watu zikayeyuka: marufuku kutembea na upanga mtaani, labda uwe mwanajeshi au polisi. Sasa fundi aliyefua panga maisha yake yote amuuzie nani?

Baadhi wakageukia visu vya jikoni. Usidhani ilikuwa mteremko. Kisu cha jikoni ni chembamba, kosa dogo tu kimeharibika. Mzee mzima, fundi wa kuogopwa, anarudi kuwa mwanafunzi. Anaunganisha chuma kigumu na chuma laini kwenye moto, anagonga, halafu anakizamisha kwenye maji. Moto ukizidi, kinapasuka. Ukipungua, makali hayakai. Na kipimo hakuna! Karakana inatiwa giza, jicho ndilo linasoma rangi ya chuma.

Wengi wao hata majina hatuyajui. Ila mji wa Seki, uliosifika kwa panga tangu zamani, leo unauza visu dunia nzima.

Kazi yao ilipigwa marufuku, mikono yao haikupigwa. Je, wewe ungekubali kuanza upya?