Wimbo Bora wa XTC ni Upi?

Tarehe 18 Machi 1982, jijini Paris, mwanamuziki mmoja wa Kiingereza alipanda jukwaani na bendi yake, akaanza wimbo wa kwanza, kisha akashuka. Kamera za televisheni zilikuwa zinarekodi. Jina lake Andy Partridge, umri wake miaka 28. Albamu mpya ya bendi yake ilikuwa imeingia katika tano bora za Uingereza, na singo yake ilikuwa imefika nafasi ya 10. Kwa hesabu za biashara ya muziki, huo ndio ulikuwa msimu wa kuvuna. Lakini yeye alikuwa nyuma ya jukwaa, hofu imemshika, hawezi kurudi.

Wiki chache baadaye, wakiwa Marekani, ziara iliyobaki ikafutwa. XTC hawakuzunguka tena na maonyesho. Waliendelea kutoa albamu hadi mwaka 2000, nyingine nzuri kuliko zote zilizotangulia, lakini maisha ya barabarani yaliishia pale.

Naanzia hapo kwa sababu ukiwakutanisha watu wawili wanaoipenda XTC, chai haitapoa kabla hawajaanza kubishana wimbo bora wa bendi hiyo ni upi. Nimeufuatilia ubishi huo kwa miaka, nimeshiriki, nimeshindwa, na naamini mzizi wake uko katika usiku ule wa Paris. Bendi inayopiga jukwaani hupigiwa kura kila usiku. Wimbo ukianza tu, ama watu wanapiga mayowe, ama wanakwenda kutafuta kinywaji. Baada ya miaka michache kila mtu anajua wimbo gani hufunga onyesho na upi umeachwa njiani. XTC walirekodi miaka 18 bila kura hiyo. Kila msikilizaji alibaki chumbani na santuri yake, akawa mpiga kura na msimamizi wa uchaguzi kwa wakati mmoja.

Kwa asiyewajua, walitoka Swindon, mji ulio kati ya London na Bristol. Ni mji uliokuzwa na reli. Kwa zaidi ya karne moja karakana za Great Western Railway ziliwapa ajira babu, baba na wana, hadi zilipofungwa mwaka 1986. Partridge na mpiga besi Colin Moulding walikulia Penhill, mtaa wa nyumba za halmashauri. Wenzao walikuwa Terry Chambers kwenye ngoma na Barry Andrews kwenye kinanda. Jina XTC, ukilitamka herufi moja moja kwa Kiingereza, linasikika kama neno lenye maana ya furaha iliyopitiliza.

Walisaini mkataba na kampuni ya Virgin mwaka 1977. Panki ilikuwa imeshavunja mlango, na nyuma yake zikapita bendi zilizopewa jina la New Wave, wimbi jipya. Wengi katika kundi hilo walikuja na hasira. XTC walikuja na vituko. Magitaa yao yalikatakata, sauti ya Partridge ilikwama, ikaruka, ikabweka, na nyimbo zao zilihusu mambo ambayo hakuna mwingine aliyefikiria kuyaimbia. Baada ya albamu mbili Andrews aliondoka, na mwaka 1979 akaingia mpiga gitaa Dave Gregory. Hapo ndipo ubishi unapata watu wake.

Ubishi wa kwanza ni huu: Andy au Colin? Partridge alitunga nyimbo nyingi zaidi, kwa mbali. Alikuwa msemaji, mchoraji, mtu wa maneno mengi. Moulding alikuwa mtulivu, akija studio na nyimbo chache. Lakini wimbo uliowatambulisha, “Making Plans for Nigel” wa mwaka 1979, ni wa Moulding. Ulifika nafasi ya 17 Uingereza. Unamhusu kijana ambaye wazazi wake wamempangia kila kitu, hadi kazi katika shirika la chuma la British Steel, nao wana hakika kwamba ameridhika. Yeye mwenyewe hasikiki. Msomaji ambaye aliambiwa atakuwa daktari kabla hajamaliza darasa la saba hahitaji maelezo zaidi.

Kilichotokea baadaye kiliupa wimbo ule uzito ambao mtunzi hakuupanga. Tarehe 2 Januari 1980, miezi michache baada ya singo hiyo kutoka, wafanyakazi wa British Steel waligoma nchi nzima. Mgomo ulidumu takriban wiki 13, na katika miaka iliyofuata maelfu kwa maelfu walipoteza kazi. Ajira ya uhakika waliyoitegemea wazazi wa Nigel haikuwa ya uhakika hata kidogo. Ndiyo maana kambi ya Colin husema: tazama, mtu huyu aliandika hadithi ya sebuleni ikawa historia ya nchi.

Kambi ya Andy haikosi jibu. Singo iliyofika juu kuliko zote, “Senses Working Overtime” ya mwaka 1982, ni ya Partridge. Lakini ukiingia kwenye hoja ya chati unajikwaa mara moja, kwa sababu kwa nafasi, wa pili ni “Sgt. Rock”, uliofika nafasi ya 16 mwaka 1981, nao ni wimbo ambao Partridge mwenyewe alikuja kuuonea haya. Sasa umtii nani? Mtunzi anayesema wimbo wake ni dhaifu, au umma ulioununua? Nimewahi kumwona mtu akitumia chati kumtetea Nigel, na dakika tano baadaye akizikana chati hizo hizo alipotajiwa “Sgt. Rock”. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Ubishi wa pili unagawa mashabiki kwa tarehe: kabla ya Paris na baada ya Paris. Wa kabla wanapenda Drums and Wires ya 1979 na Black Sea ya 1980, albamu za bendi inayotoka jasho, ngoma za Chambers zikipiga kama nyundo ya karakana. Wa baada wanapenda studio: vinanda, vinubi vya nyuzi, sauti zilizopangwa juu ya sauti, hadi Apple Venus Volume 1 ya mwaka 1999 yenye okestra nzima. Wa kabla husema kwa mkato kwamba bendi ilikufa mwaka 1982.

Nami niliisema sentensi hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka niliposoma habari za mtu aliyeshuka jukwaani. Tangu alipokuwa kijana mdogo Partridge alikuwa akimeza Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi aliyoandikiwa na daktari. Mkewe, kwa nia njema, alivitupa vidonge. Aliviacha ghafla, bila uangalizi wa daktari, huku ratiba ikimtoa mji mmoja hadi mwingine, onyesho hadi onyesho. Mwili ulidai kilichokuwa chake. Ngoma ninazozipenda kwenye Black Sea zilipigwa na bendi ambayo mwimbaji wake alikuwa akielekea kuanguka. Chambers, aliyependa ziara, aliondoka wakati wa kutengeneza albamu iliyofuata, akahamia Australia. Kila mmoja alilipa kwa namna yake. Bado naweza kusema Black Sea ni bora, hiyo ni haki yangu ya kusikia. Lakini siwezi tena kusema kwamba alipaswa kuendelea.

Katikati ya kambi hizo mbili imekaa albamu ya Paris yenyewe, English Settlement, na ndani yake kuna wimbo unaotuhusu sisi kidogo. Unaitwa “It's Nearly Africa”, yaani karibu iwe Afrika. Miaka ile bendi za Uingereza zilikuwa na njaa ya midundo ya kwetu. Adam and the Ants na Bow Wow Wow walijijengea jina kwa mdundo uliotokana na rekodi ya ngoma za Burundi, iliyofanywa na watafiti wa Kifaransa katika miaka ya 1960. Afrika ya XTC ilitungwa Swindon, kwa kukisia, na mara ya kwanza nilipousikia niliuruka kwa hasira. Siku hizi nauacha upite. Neno “karibu” katika jina lake angalau linakiri kwamba hawajafika. Lakini sitauweka kwenye orodha yangu, na shabiki anayetaka kunishawishi aje na hoja.

Ubishi wa tatu ndio mkali, kwa kuwa unagusa imani. Mwaka 1986 Virgin waliwapeleka Marekani kufanya kazi na prodyuza Todd Rundgren, huko Woodstock, New York. Albamu iliyotoka, Skylarking, inapita kama siku moja na pia kama maisha mazima, kutoka joto la kiangazi hadi kifo. Rundgren aliupanga mfululizo huo kutokana na rekodi za majaribio alizotumiwa kabla bendi haijafika. Alichagua nyimbo 5 za Moulding. Yeye na Partridge waligombana karibu muda wote.

Wimbo mmoja, “Dear God”, haukuwemo. Ni barua kwa Mungu kutoka kwa mtu asiyemwamini, na beti za mwanzo zinaimbwa na mtoto wa kike. Partridge hakuridhika nao. Aliona mada ni kubwa mno na yeye hakuifikia. Uliwekwa upande wa B wa singo ya “Grass”, wimbo wa Moulding. Watangazaji wa redio Marekani wakaigeuza santuri. Simu zikaanza kuita, nyingine za pongezi, nyingine za ghadhabu. Huko Florida kituo kimoja cha redio kilitishiwa kulipuliwa kwa bomu. Kampuni iliyouza muziki wao Marekani, Geffen, ikachapisha upya Skylarking na kuuingiza “Dear God”. Ili kupata nafasi ikautoa “Mermaid Smiled”, wimbo mfupi ambao haukuwa umemkosea mtu yeyote.

Nimewasikia wasioamini wakiuita “Dear God” wimbo bora wa XTC kwa sababu tu unakubaliana nao, na waumini wakiutupa kwa sababu haukubaliani nao. Pande zote mbili zinajadili hoja zikasahau wimbo. Aliyenifungua masikio ni rafiki yangu mmoja mcha Mungu, anayeuweka katika tano zake bora. Kwake, mtu asiyeamini hana sababu ya kuandika barua ndefu namna ile. Anayeandika bado anasubiri majibu. Sijui kama Partridge angelikubali hilo. Lakini ni usikivu, na ubishi mzuri unahitaji watu wanaosikiliza hata wanapotofautiana na mtunzi.

Kisa cha “Mermaid Smiled” kinatufikisha kwenye jambo ambalo wabishi hulisahau. Mara nyingi hatubishani juu ya kitu kimoja. English Settlement ilitoka Uingereza ikiwa santuri mbili. Marekani ilipunguzwa ikawa moja, nyimbo kadhaa zikakatwa. Aliyenunua Skylarking mwaka 1986 alipata albamu tofauti na aliyeinunua mwaka uliofuata. Kisha, mwaka 2010, Skylarking ilitolewa upya kwa sababu fundi aliyesikiliza kanda za mwisho aligundua kwamba mahali fulani katika safari yake sauti ilikuwa imepinduliwa: pale wimbi lilipopaswa kusukuma, lilivuta. Besi na ngoma zilikuwa zimesikika nyembamba kwa zaidi ya miaka 20. Watu walikuwa wameipanga albamu hiyo juu au chini kwa hasira na mapenzi, na hakuna aliyekuwa ameisikia sawasawa.

Kwa hiyo mtu akikutajia wimbo wake bora wa XTC, anakueleza pia alikuwa wapi, nakala ipi ilimfikia, na mkono wa nani uliikabidhi. Mmoja aliingia kupitia redio ya chuo Marekani, mwingine kupitia kaka mkubwa aliyewaona jukwaani mwaka 1980, mwingine kupitia faili alilotumiwa usiku wa manane. Hakuna ukumbi uliowahi kuwakusanya wote wapige mayowe mara moja.

Isipokuwa kwa siku chache. Chambers alirudi kutoka Australia, yeye na Moulding wakaungana kwa jina la TC&I, na mwaka 2018 wakafanya maonyesho kadhaa katika ukumbi mdogo wa Swindon Arts Centre. Moulding hakuwa amepanda jukwaani kwa namna hiyo tangu 1982. Mashabiki walisafiri kwenda mji wa reli kusikia nyimbo ambazo wengine walikuwa wamezisubiri miaka 36. Kura ilipigwa hatimaye, lakini nusu tu ya wagombea walikuwepo. Partridge hakuwa jukwaani, na sidhani kama kuna mtu ana haki ya kumdai.

Na mimi? Nimezunguka mno, nijibu. Nachagua “Mermaid Smiled”, wimbo wa Partridge wa chini ya dakika tatu, ulioondolewa kwenye kiti chake ili mwingine akae. Ulirudishwa katika matoleo ya baadaye. Naujua si mkubwa kama “Nigel”, wala haukutikisa redio yoyote. Kila ninapofika mahali ulipokaa kwenye albamu nafurahi kuukuta bado upo. Mwakani huenda nikabadilisha. Kambi ya Colin wameshaniambia kwamba nimekosea, na chai bado ni ya moto.