Mama Asiye na Kazi

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, tukaieleza kwa ufasaha na kuwatahini wanafunzi wetu juu yake, kumbe sisi wenyewe tulikuwa hatujaielewa. Jambo hilo lilitudhihirikia siku moja tulipokuwa tukiandikisha watoto wa shule huku Kabeza, mtaa wa mji wa Kigali ulioko wilayani Kicukiro, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe.

Alifika mama mmoja na bintiye. Tulipofikia safu ya kazi ya mzazi tukamwuliza, naye akajibu kwa upole, "Sina kazi, mwalimu. Mimi ni wa nyumbani tu." Nasi tukaandika: hana kazi. Alipokwisha kuondoka ndipo mwenzetu mmoja alipotukumbusha kuwa sare za watoto wengi wa mtaa ule hushonwa na mama huyo huyo. Maandazi tunayonywea chai ya saa nne hutoka jikoni mwake. Alasiri husuka nywele za majirani barazani, na yeye ndiye mweka hazina wa ikimina, yaani chama cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana, mfano wa upatu wa kwetu sisi Waswahili. Hizo ni kazi nne chini ya paa moja, mbali na kulea watoto watatu, na daftari letu likasema hana kazi!

Imekuwaje mtu mwenye kazi nyingi namna hii ahesabiwe kuwa hana hata moja? Hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia.

Katika Rwanda ya kale hapakuwa na mpaka kati ya nyumba na mahali pa kazi. Mwanamke alilima, alipika pombe ya mtama, alisukasuka maziwa kupata siagi, alisuka mikeka na vikapu. Wanyarwanda humwita mama wa nyumba mutima w'urugo, maana yake moyo wa nyumba. Jina hilo ni la heshima. Lakini moyo, kama ajuavyo kila mtu, haupumziki, wala hakuna aukumbukaye mpaka uumwe.

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha kituo cha utawala mahali palipokuja kuwa mji wa Kigali. Pamoja na utawala huo walikuja askari na wafanya biashara wasemao Kiswahili, wakakaa katika sehemu za mji ambazo hadi leo hujulikana kwa Waislamu wake, kama vile Biryogo na Nyamirambo. Sisi walimu wa lugha tunao ushahidi wetu wa kile walichokuja nacho. Mnyarwanda huita duka iduka, sabuni isabune, deni ideni, maandazi amandazi, na cherehani huiita icyarahani. Yatazame maneno hayo kwa makini. Si maneno ya vita wala ya ufalme. Ni vifaa vya kazi vya mama yule wa Kabeza, kimoja kimoja, pamoja na deni lake. Kiswahili hakikuingia Rwanda kupitia ofisini peke yake; kiliingia pia kupitia jikoni na barazani.

Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani mwaka 1916. Chini yao ndipo mpaka kati ya nyumba na kazi ulipopigwa. Kazi ikawa ni ile yenye mshahara na kipande, na mwenye mshahara aghalabu akawa mwanamume. Mjini Usumbura, ndio Bujumbura ya leo, yalikokuwa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi, ilianzishwa mwaka 1946 nyumba ya mafunzo kwa wanawake iliyoitwa kwa Kifaransa foyer social. Wanawake walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kutunza watoto, kusudi wawe wake wema wa waume wenye mishahara. Kushona kulifundishwa kama sifa ya mke. Lakini mkono uliozoea sindano haumwulizi mtu ruhusa ya kushona nguo ya jirani, wala jirani hakosi senti ya kutoa shukrani. Sifa ikageuka riziki, ingawa hakuna aliyeiandika kuwa ni kazi.

Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Mji ulikua, lakini sheria ilibaki nyuma. Sheria ya biashara iliyorithiwa kutoka ukoloni ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya biashara, na sheria ya familia iliyoanza kutumika mwaka 1992 ilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba. Kwa hiyo mwanamke aliyetaka kuishi kwa jasho lake alikuwa na njia moja iliyo nyepesi: kufanya biashara isiyoitwa biashara, ndani ya nyumba isiyoitwa duka.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hatutaki kuyasimulia hapa kwa maneno machache, maana maneno machache hayayatoshi. Tutasema tu kwamba maelfu ya wanawake walibaki wajane, na wengi walilea yatima wao na wa wenzao. Mwezi Januari 1995 wajane 50 waliunda chama chao, AVEGA Agahozo. Wengine walirudia ususi wa agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Kikapu hicho kimo katika nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2001, na tangu mwaka 2005 kikaanza kuuzwa katika maduka makubwa ya Macy's huko Marekani. Kazi ya mkekani ikavuka bahari.

Sheria nayo ikaanza kufuata nyayo za maisha. Sheria Na. 22 ya mwaka 1999 iliwapa binti na mwana haki sawa ya kurithi, na ikawawezesha wanandoa kuchagua namna ya kumiliki mali yao. Mwaka 2016 sheria mpya ya familia iliweka uendeshaji wa nyumba mikononi mwa mume na mke pamoja. Tangu mwaka 2010 mama aweza kupokea malipo kwa simu pasipo kuondoka jikoni. Mpango wa akiba ya uzeeni uitwao Ejo Heza, yaani kesho njema, ulioanza mwaka 2018, humpokea hata asiye na mwajiri.

Basi, je, mzigo umepungua? Tunaogopa kusema ndiyo. Mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO, nyumba ikawa karakana, duka na darasa kwa wakati mmoja, na mwalimu wa darasa hilo mara nyingi alikuwa mama. Shule zilianza kufunguliwa tena mwezi Novemba mwaka huo huo. Sisi tulirudi darasani tukijisifu kwa uvumilivu wetu. Yeye hakuwa na pa kurudi, maana hakuwa ametoka.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sheria imempa mama haki ya mali, simu imempa soko, akiba imempa tumaini la uzee. Saa za siku hakuna aliyemwongezea, nazo haziwezi kuongezwa. Zaweza tu kugawanywa. Mume apikaye chakula cha jioni wakati mkewe anamaliza kushona sare hamsaidii kazi, bali anafanya sehemu yake. Na mwana wa kiume afuaye nguo zake hapungukiwi na uanaume wake.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi, waliokutana Geneva, walikubaliana kuwa kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi, hata pasipo malipo. Wasomi hao walifikia huko kwa safari ndefu. Sisi twaweza kufika kwa kalamu moja, kwa kuwa daftari liko mezani petu, na mtoto aandikiwaye kuwa mama yake hana kazi hulisoma daftari hilo na kuliamini.

Tulimwita mama yule siku ya pili. Tulifuta maneno tuliyoyaandika, tukamwuliza upya, safari hii tukitaja kazi zake moja moja. Alicheka, akasema safu ile ni fupi mno. Kweli ilikuwa fupi. Tuliandika "mshonaji", na mengine tukayaandika pembeni mwa ukurasa. Tunawaomba walimu wenzetu, katika kila shule, wafungue madaftari yao na kufanya vivyo hivyo.