Karatasi Iliyorudi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana. Leo naomba tuweke kando mambo ya msimbo na seva tuongee historia kidogo. Msiwe na hofu, kompyuta zitaingia tu.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa huku Kilifi aliniandikia barua pepe. Anasoma shahada ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya masafa, yuko mwaka wa tatu, na mchana anauza vifaa vya simu. Miezi mitatu sasa hajafungua somo hata moja. Akaniuliza: wewe ulimaliza vipi? Moyo uliutoa wapi? Nikamjibu haraka haraka kwamba ni nidhamu, jipangie ratiba, amka alfajiri, na maneno mengine ya aina hiyo. Nilipobofya kutuma nikajua nimemdanganya. Sikumaliza kwa nidhamu mimi. Ratiba yangu niliivunja kila wiki. Basi hili ndilo jibu nililopaswa kumpa, na linaanza mbali kidogo, kwenye posta.

Jirani yetu pale Barani, Malindi, ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2021 nilikwenda kwake kumtengenezea simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wasoma chuo kikuu na huku wakaa nyumbani?"

"Ndiyo Mwalimu."

"Hata mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Ila sikukiona kwa macho."

Nikadhani ananitania. Akainama, akavuta sanduku la mbao chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na karatasi zake za miaka ya 1970, zimefungwa kwa kamba mafungu mafungu: Kiingereza, hesabu, historia. Kila karatasi ilikuwa na mwandiko wake wa wino wa buluu, na juu yake mwandiko wa mtu mwingine, wa wino mwekundu.

Hadithi yake ni ya kweli na iko katika historia ya nchi yetu, ingawa haitajwi sana. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, shule za msingi zilifurika watoto na walimu waliosomea kazi hawakutosha. Maelfu ya waliokuwa wakifundisha walikuwa na elimu ndogo mno. Kuwaita wote vyuoni kungeacha madarasa matupu. Kwa hiyo mwaka 1967 Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi, kwa msaada wa shirika la misaada la Marekani USAID na Chuo Kikuu cha Wisconsin, kilianzisha kitengo cha masomo ya posta kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Mwalimu alitumiwa vitabu, akasikiliza vipindi vya redio vya Sauti ya Kenya, akafanya zoezi na kulituma Kikuyu. Huko likasahihishwa na kurudishwa. Wakati wa likizo walikutana kwa siku chache. Aliyefaulu mtihani alipanda daraja kutoka P3 kwenda P2, na mshahara ukapanda naye.

Mtu akisikia hivyo atasema basi, kilichowasukuma ni mshahara. Nami nilisema hivyo hivyo. Mwalimu akacheka. Mshahara, akaniambia, ulikuwa mbali, kama mnazi uliopanda leo. Kilichomfanya awashe taa ya chemli usiku baada ya kufundisha watoto kutwa nzima ni kwamba kule Kikuyu alikuwapo mtu anayengoja zoezi lake. Hakumjua jina. Alimjua kwa mwandiko, alijua anachukia sentensi ndefu, alijua akifurahi anaandika neno moja tu pembeni. "Bahasha ikirudi," akasema, "hulali mpaka umeandika nyingine."

Na bahasha haikuwa na njia rahisi. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo, gari la kutoka Malindi lilipanga foleni kuvuka hori kwa feri, ndipo lishike njia ya Mombasa, jumla ya kilomita kama 120, na kutoka Mombasa barua iende bara. Sasa angalieni maajabu ya pwani yetu: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi ilipaa kwa dakika chache, na zoezi la hesabu la jirani yangu likangoja feri. Lakini lilifika, na lilirudi.

Nilipotoka kwake nikaanza kusoma historia ya elimu hii nikiwa na swali moja: nani alirudisha karatasi?

Mwanzo wake unatajwa sana kuwa Uingereza mwaka 1840. Isaac Pitman, mwalimu wa hati mkato mjini Bath, alitumia posta mpya ya bei nafuu. Mwanafunzi alipewa maandishi, akayageuza kuwa hati mkato, akayatuma, na Pitman akayasahihisha na kuyarudisha. Hapo mzunguko ulikuwa kamili. Kisha mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa mtu yeyote popote alipo, bila kuhudhuria darasa. Mwaka 1865 watahiniwa walifanya mtihani huo Morisi, kwenye Bahari Hindi hii hii. Lilikuwa jambo kubwa, maskini na wa mbali wakapata mlango. Ila tazameni kilichobadilika: London ilitoa mtihani tu. Kufundishwa na kusahihishwa ulijitafutia mwenyewe. Wanafunzi wa njia hii, waliopata shahada ya mbali bila mtu wa kuwajibu, ndio watu tunaowasifu kwa nidhamu, na ninadhani sifa hiyo ndiyo iliyotupotosha. Tukachukua wachache waliovuka peke yao tukawafanya kipimo cha wote.

Hata Nelson Mandela, anayetolewa mfano kila mara. Shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1943 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA. Ya sheria alianza kuisoma mwaka huo huo wa 1943 Witwatersrand, hakumaliza. Alijaribu tena akiwa gerezani kwa njia ya London, hakumaliza. Kule Robben Island askari walipogundua maandishi ya kumbukumbu zake alizoficha, akanyimwa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Shahada ya sheria aliipata UNISA mwaka 1989, miaka 46 baada ya kuanza, bado yuko kizuizini. Watu husimulia hayo kama hadithi ya mtu mmoja mwenye moyo wa chuma. Lakini wafungwa wa kisiwa kile walikuwa wakifundishana, aliyejua historia anamfundisha asiyejua, mpaka mahali pale pakaitwa chuo kikuu.

Jirani zetu wa Tanzania walilielewa hili mapema. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 haikuwa ya shahada, ilikuwa ya vyoo, maji na malaria. Lakini hawakumwacha mtu asikilize redio peke yake nyumbani. Walimweka kwenye kikundi chenye kiongozi na kitabu, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba. Watu kiasi cha milioni 2 walishiriki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake 766 wa mwanzo mwaka 1994, chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kilijenga vituo mikoani na mikutano ya ana kwa ana, ingawa ni chuo cha masafa. Ukifikiria harakaharaka unaona ni kupoteza pesa. Mbona mtu aliyekimbia darasa aitwe tena darasani?

Sisi Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986. Nayo ilitoa walimu wengi.

Halafu ikaja zamu yetu, watu wa kompyuta. Tulidhani tatizo lote lilikuwa mwendo wa barua. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao, mihadhara ikashuka kwa setilaiti mpaka Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa, na intaneti ya Kenya ikaacha kutegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig wakafungua somo la akili mnemba la Stanford kwa dunia nzima, bure. Wakajiandikisha watu kama 160,000. Waliomaliza ni kama 23,000, na hao walikuwa na zoezi la kila wiki lenye siku ya mwisho. Wengi wa waliobaki njiani hawakuwa wavivu wala wajinga. Ombi lilitumwa, seva haikujibu, na mtu akafunga dirisha. Ninyi wenye kuandika programu mnajua: hatuilaumu programu kwa kuacha kusubiri. Tunauliza kwa nini jibu halikuja.

Sasa niseme yangu. Ada ilinishinda mwaka wa pili nikahamia mpango wa masafa wa chuo changu, sitakitaja. Nikapata kazi Watamu, kutunza mfumo wa kuhifadhi vyumba wa hoteli moja. Nilisoma usiku, kwa shida, lakini nilisoma. Machi 2020 watalii wakaondoka, hoteli zikafungwa, kazi ikaisha. Nikajiambia sasa nina saa 24 kwa siku, nitamaliza kila kitu.

Sikusoma kitu. Miezi saba. Nilikuwa na muda wote ambao Mwalimu hakuwa nao, na mtandao ambao angeuona kama uchawi, na kila asubuhi nilifungua tovuti ya chuo nikaifunga. Nilikuwa nimetuma kazi tatu. Kila moja ilijibiwa papo hapo na mashine: imepokelewa. Alama zilikuja baada ya miezi minane, tarakimu tupu, bila neno. Mama alikuwa akiuliza, "Na masomo?" nami najibu, "Yaenda." Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko ada.

Baada ya kuliona sanduku lile nilimpigia rafiki yangu tuliyeanza naye, yeye yuko Kilifi mjini, amekwama kama mimi. Tukakubaliana kitu kidogo. Kila Jumamosi ya pili tunakutana Matsangoni, katikati ya safari, kila mmoja na kazi yake imechapishwa. Ndiyo, imechapishwa, kurasa za msimbo kwa bei ya saiba, watu wakitushangaa. Tunaagiza mahamri na mbaazi, tunabadilishana karatasi na kalamu nyekundu, hatuongei kwa saa nzima. Siku ya kwanza alinichorea duara kubwa kuzunguka mahali nilipohifadhi nywila za watumiaji wazi wazi bila kuzificha, akaandika pembeni: "Wewe kweli?" Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Pia niliona haya sana. Usiku huo nikarekebisha.

Hatukupata nguvu mpya, nataka mlielewe hilo. Nilibaki mvivu yule yule. Kuna Ijumaa niliandika kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri kwa sababu tu niliona aibu kupanda matatu mikono mitupu. Mradi wa mwisho niliuwasilisha mwaka 2022, yeye muhula mmoja baadaye.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023, makao yake Konza, na kati ya masomo yake kuna sayansi ya data na usalama wa mtandao. Nimefurahi, na vijana wengi wa Malindi, Magarini na Ganze wananiuliza habari zake na za vyuo vingine vya masafa. Swali lao la kwanza ni ada, la pili ni kasi ya intaneti. Mimi ningeanza na jingine, kwa chuo chochote: nikituma kazi leo, itarudi baada ya siku ngapi, na itarudi na maneno au na tarakimu? Wakikosa jibu, tafuta mtu wako wa Matsangoni kabla ya kulipa.

Yule kijana nimemwandikia tena. Safari hii sikumshauri kitu, nilimwambia anitumie kazi yake kabla ya Ijumaa, hata kama ni nusu. Imefika Alhamisi saa tano usiku: mchoro wa hifadhidata ya duka, majedwali sita. La tatu lina kosa kubwa. Kesho naenda kuuchapisha.